Misuli hukimbia, kano hutambaa

Wiki ya tano tangu nianze judo niliamka alfajiri nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya chai. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimevimba vifundoni, vigumu kama vijiti, na kila nilipojaribu kuvikunja vilikwama kabla havijagusa kiganja. Nilikuwa na miaka 41. Cha ajabu, mwili wote uliosalia ulikuwa na nguvu kuliko nilizopata kuwa nazo tangu ujana wangu. Pumzi ilikuwa imeongezeka, mapaja yamekaza, na vijana walionibwaga mfululizo wiki ya kwanza sasa walitoka jasho kabla hawajaniangusha.

Nguvu zile na vidole vile vilitokana na jambo moja. Nalieleza hapa kwa sababu nimewaona watu wazima kadhaa wakianza judo, mieleka au jujitsu ya Kibrazili kwa hamu kubwa, kisha wakaacha ndani ya miezi michache wakiamini kwamba viungo vyao vimezeeka. Mara nyingi havijazeeka. Vimeachwa nyuma tu.

Msuli una damu tele. Ukiufanyisha kazi, chakula cha kuujenga huufikia haraka, na baada ya wiki chache unauona umebadilika. Tena sehemu ya nguvu za mwanzo haitoki hata kwenye unene wa msuli: ubongo unajifunza kuiamsha misuli ambayo zamani ilikuwa imelala. Kano hazina bahati hiyo. Zipo kano zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, na zipo zinazofunga mfupa kwa mfupa. Zote ni kamba za protini iitwayo kolajeni, na damu inayozifikia ni kidogo. Gegedu, lile tabaka laini na jeupe inayofunika ncha za mifupa, kwa mtu mzima haina mishipa ya damu kabisa. Hulishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kila kiungo kinapobanwa na kuachiwa. Kwa hiyo msuli huhesabu wiki, kano huhesabu miezi. Mwezi wa pili unakuwa na injini mpya inayovuta kamba zilezile za zamani.

Uzito wa jambo hili ulionekana wazi katika utafiti uliochapishwa na wanasayansi wa Copenhagen mwaka 2013. Kati ya 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu mengi ya nyuklia angani kwa majaribio, na kaboni yenye mionzi ikaongezeka hewani duniani kote. Ikaingia kwenye mimea, kutoka huko kwenye chakula, na mwishowe kwenye miili ya watu. Majaribio ya angani yalipopigwa marufuku na mataifa hayo makuu, kaboni ile ikaanza kupungua mwaka hadi mwaka, hivyo kila sehemu ya mwili ikabaki na alama ya miaka iliyojengwa. Watafiti wakachunguza kano ya kisigino ya watu waliozaliwa nyakati mbalimbali. Msuli ulikuwa umejifanya upya. Kiini cha kano kilibeba kaboni ya miaka ya utotoni na ujanani, hadi mtu alipofika kama miaka 17, na baada ya hapo hakikubadilika tena kwa kiasi cha kuonekana. Hiyo haimaanishi kwamba kano ya mtu mzima haiwezi kuimarika. Huimarika kwa mazoezi, hukaza na kuvumilia mzigo mkubwa zaidi. Lakini haifumwi upya kila msimu, na atakayeichana asitegemee kwamba mwili utamletea nyingine mpya.

Kuna hesabu nyingine ya siku kwa siku. Baada ya zoezi zito mwili huongeza utengenezaji wa kolajeni, na kazi hiyo huweza kuendelea hadi siku tatu. Lakini ubomoaji nao huongezeka, na katika siku ya kwanza, pengine hadi nusu ya siku ya pili, inayobomolewa ni nyingi kuliko inayojengwa. Anayerudi mkekani kila jioni anaingia akiwa bado na deni la jana. Kwa mgeni aliyepita miaka 30, siku mbili kwa wiki, au tatu zilizoachana, zinatosha kabisa miezi ya mwanzo. Mimi nilikuwa nakwenda siku tano.

Vidole vina habari yao. Judo huchezwa kwa kushika nguo ya mwenzako, na nguo ile ni nzito, imefumwa ili isichanike. Ndani ya kidole, kano inayokikunja hupita chini ya vipete vidogo vinavyoizuia isibanduke kwenye mfupa. Mwenzako anapojinasua kwa kishindo na wewe umeng'ang'ania ukosi wake kwa ncha za vidole, mzigo wote huangukia vipete hivyo na vifundo. Dawa kubwa ni kuachia: ukihisi mshiko umeshapotea, fungua mkono, utafute mwingine. Plasta za kufungia vidole husaidia kidogo, hasa kwa kukukumbusha usizidishe.

Kiwiko ni jambo jingine, na hapa hakuna kujaribu ushujaa. Katika mbinu ya kubana mkono iitwayo juji-gatame, mkono wako unanyooshwa juu ya nyonga za mwenzako, yeye akiinua nyonga kiwiko kinapinda kwenda upande ambao hakikuumbiwa. Maumivu makali hapo huja yakiwa yamechelewa. Kati ya kuhisi kwamba inauma na kano kuchanika pana nafasi ndogo sana. Gonga mkeka kukubali kushindwa mara mkono unaponyooshwa, usingoje maumivu. Mwasisi wa judo alilifikiria hili. Kano Jigoro, ambaye kwa sadfa jina lake linaandikwa sawa na neno letu, alifungua shule yake katika hekalu mjini Tokyo mwaka 1882. Alichukua mbinu za jujitsu za kale, akaziondoa zile za hatari mno kwenye pambano la mazoezi, ili watu waweze kushindana kwa nguvu zao zote na kesho wakutane tena. Hadi leo katika mashindano ya judo, kiungo pekee kinachoruhusiwa kubanwa hivyo ni kiwiko.

Maumivu ya kawaida ya kuzoea mazoezi hupungua ukipasha mwili, na asubuhi ya pili hayajazidi ya jana. Ukiwa nayo, punguza, usiache kabisa, kwa sababu kano isiyovutwa hudhoofika. Lakini goti lililoalika kisha likavimba ndani ya saa chache, kiungo kinachoteguka chenyewe, au mguu usioweza kukanyaga, ni vya hospitali. Siku hizo za kwanza usimwendee mkandaji akuchue au akuvute; pasipo picha hajui kilichochanika. Kiungo chenye moto na uvimbe pamoja na homa ni dharura ya siku hiyohiyo.

Tena si kila maumivu yameletwa na mkeka. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa zaidi ya saa nzima kila asubuhi huenda ni baridi yabisi. Kidole gumba cha mguu kilichowaka usiku ghafla huenda ni jongo. Na mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana kwetu Afrika Mashariki, akisikia maumivu ya nyonga asiyaite uchovu wa mazoezi: damu inaweza kuwa haifiki kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Huyu amwone daktari wake kabla ya kujiandikisha, na mazoezini anywe maji bila kungoja kiu.

Linalonisikitisha zaidi ni diklofenaki inayonunuliwa duka la dawa na kumezwa kabla ya mazoezi. Inanyamazisha kiungo saa ileile ambayo ungehitaji kukisikia, na ikizoeleka hudhuru tumbo na figo, hasa kwa mwili uliokauka kwa jasho la joto la pwani. Barafu nayo hutuliza, lakini haiponyi. Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza kwa kitabu chake cha 1978, mwenyewe alikuja kuandika kwamba huenda inachelewesha kupona.

Mimi nilishuka hadi siku mbili kwa wiki, nikamweleza mwalimu, naye akanipangia wenzangu watu wazima. Nyumbani naweka ndoo ya mchanga wa pwani karibu na mlango wa uani. Jioni nazamisha mkono hadi kifundoni, nafungua vidole taratibu mchanga ukivipinga, navikunja, navifungua tena, dakika tano kila mkono. Mwezi wa kwanza sikuona tofauti. Wa tatu ndipo ngumi ilipojifunga sawasawa asubuhi.