Kuchagua na Kutunza Yuonimasi Bustanini

Yuonimasi ni jina linalokusanya takriban aina 130 za vichaka, miti midogo na mimea inayotambaa, ambazo wataalamu wa mimea huziweka katika jenasi ya Euonymus, yaani kundi la aina zenye nasaba ya karibu, na nyingi kati ya hizo asili yake ni Asia ya Mashariki. Jenasi hiyo imo katika familia ya Celastraceae, ambayo ndiyo familia ya miraa pia. Hata hivyo, yeyote asidanganywe na undugu huo akajaribu kutafuna majani yake, kwa maana yuonimasi ina sumu kuanzia jani hadi mbegu. Wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Ulaya na Amerika ya Kaskazini wamekwisha kuuona mmea huu bila kuujua jina, kwa kuwa ni miongoni mwa vichaka vinavyopandwa sana huko mbele ya nyumba na kando ya maegesho ya magari.

Sifa yake kubwa ni kwamba hauna masharti mengi. Huota katika udongo wa aina nyingi mradi maji yasituame, na huvumilia kukatwakatwa. Wepesi huo ndio unaomfanya mnunuzi achague kwa kutazama rangi ya jani peke yake, ilhali taabu nyingi zinazodhaniwa kuwa za matunzo huwa zimenunuliwa pamoja na mche kitaluni.

Anayetaka ua wa kijani mwaka mzima, hasa karibu na pwani ambako upepo wa chumvi huunguza mimea mingine, anafaa kufikiria Euonymus japonicus, kichaka cha Japani chenye majani magumu yanayong'aa, ambacho kikiachwa hufikia mita 3 au 4. Udhaifu wake ni ubwiri unga, yaani kuvu inayotanda juu ya jani kama vumbi jeupe, ambayo jamaa yake huwasumbua wakulima wa mikorosho wa Mtwara na Lindi. Huzidi pale vichaka vinapobanana kivulini bila hewa kupita. Mahali penye baridi kali zaidi hupandwa Euonymus fortunei, iliyopewa jina la Robert Fortune, mkusanyaji wa mimea kutoka Uskoti. Hii hutambaa chini na kufunika ardhi, lakini ikikuta ukuta au mti hutoa vijizizi na kuparamia juu, na ikishapanda hukomaa, huchanua na kuzaa mbegu ambazo ndege huzisambaza. Kwa sababu hiyo imegeuka gugu katika misitu ya mashariki mwa Marekani. Ulaya ina aina yake ya asili, Euonymus europaeus, ambayo mbao zake ngumu zilichongwa vijiti vya kusokotea sufu, na ambayo matunda yake ya rangi ya waridi hupasuka na kuonyesha mbegu zenye ngozi ya rangi ya chungwa. Mwenye kulima maharage ajue kwamba vidukari weusi wa maharage huweka mayai yao ya majira ya baridi kwenye mti huo.

Matunzo ya kawaida hayahitaji maneno mengi. Shimo liwe na upana mara mbili ya chungu cha mche, na kina kisichozidi cha chungu hicho. Mwaka wa kwanza umwagiliaji usikosekane, na matandazo ya majani au maganda ya miti yasigusane na shina. Aina zisizopukutisha majani hupogolewa majira ya machipuo, na zile zinazopukutisha hupogolewa mwishoni mwa baridi. Katika aina zenye majani ya mabaka meupe au ya manjano, mara kwa mara hujitokeza tawi la kijani kitupu, ambalo hukua haraka kuliko mengine kwa sababu lina klorofili nyingi zaidi, yaani ile rangi inayouwezesha mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Tawi hilo likatwe lilipoanzia, la sivyo kichaka chote kitageuka kijani.

Adui anayestahili kuogopwa ni mdudu gamba, Unaspis euonymi. Dalili ya kwanza ni vidoa vya manjano upande wa juu wa jani. Jani likigeuzwa, huonekana chembe nyeupe nyembamba, ambazo ni madume, na kwenye vijiti vipo vigamba vya kahawia vyenye umbo la chaza, ambavyo ni majike. Gamba hilo huwakinga na dawa nyingi, kwa hiyo kupuliza ovyo ni kupoteza fedha. Wakati wa kuwashambulia ni mwishoni mwa majira ya machipuo, watoto wao wanapotoka na kutambaa bila kinga: tawi hukung'utwa juu ya karatasi nyeupe, na chembe za manjano zikionekana zikitembea, ndipo hupuliziwa mafuta ya bustani, ambayo huziba matundu yao ya kupumulia. Matawi yaliyoathirika sana hukatwa kabla ya hapo.

Mdudu huyo hukigusa kwa nadra Euonymus alatus, kichaka chenye vijiti vilivyoota mabawa ya gamba laini, ambacho majani yake hugeuka mekundu sana kabla ya kupukutika, mradi kipate jua la kutosha. Kwa uzuri, hakuna yuonimasi inayokifikia. Hata hivyo, mbegu zake nazo hubebwa na ndege hadi misituni, ambako huota kwa wingi na kuisonga mimea ya asili, na majimbo kadhaa ya Marekani, yakiwemo Massachusetts na New Hampshire, yamepiga marufuku kukiuza. Mkazi wa mashariki mwa nchi hiyo anayeipenda yuonimasi aulize kitaluni Euonymus americanus, ya asili ya huko, akijua kwamba paa huipenda sana na kwamba miche michanga itahitaji kuzungushiwa wavu.