Toleo jipya la programu laweza kuziponza picha za zamani

Mpiga picha anapowasha kompyuta na kuulizwa iwapo anataka toleo jipya la programu ya kuhariri picha, mara nyingi hukubali bila kusoma. Kazi ikikamilika, toleo la zamani huenda limekwisha kufutwa, na si kila mara liko mahali pa kulirejesha.

Zamani programu hizo zilinunuliwa mara moja, zikiwa katika sanduku lenye diski. Mwezi Mei mwaka 2013 kampuni ya Adobe ya Marekani ilitangaza kwamba CS6, iliyotoka mwaka 2012, ingekuwa toleo la mwisho la Photoshop kamili kuuzwa kwa mtindo huo. Yaliyofuata yangetumiwa kwa kulipia ada.

Diski nayo haikuwa kinga kamili. Toleo la CS2, la mwaka 2005, lilihitaji kuthibitishwa na seva za kampuni kupitia intaneti. Seva zilipozimwa, ilibidi wanunuzi wapatiwe nakala maalumu isiyohitaji uthibitisho.

Mwezi Mei mwaka 2019 baadhi ya wateja wa Adobe, waliokuwa wakilipa ada yao kama kawaida, walipokea barua pepe ikiwaarifu kuwa hawana tena ruhusa ya kutumia matoleo kadhaa ya zamani. Walionywa kuwa wakiendelea kuyatumia wangeweza kudaiwa na wenye haki wengine. Hapo ndipo wengi walipotambua kuwa walichokiita mali yao kilikuwa cha kupanga.

Marekebisho hukaa wapi?

Hasara kubwa, hata hivyo, haipo kwenye programu bali kwenye kazi iliyofanywa nayo.

Lightroom, kwa mfano, haiigusi picha ya asili. Mpiga picha akiongeza mwanga au kukata ukingo, programu huandika maagizo hayo katika faili liitwalo katalogi. Toleo jipya hutengeneza katalogi mpya ambayo toleo la zamani haliwezi kuifungua. Katalogi ya zamani kwa kawaida huhifadhiwa, lakini marekebisho ya baadaye hayamo ndani yake. Anayerudi nyuma baada ya miezi mitatu huikosa kazi ya miezi mitatu.

Waliotumia Aperture ya kampuni ya Apple walikumbana na mkasa wa namna hiyo. Mwaka 2014 Apple ilitangaza kuacha kuiendeleza, na mfumo wa kompyuta wa Catalina, uliotoka mwaka 2019, haukuiendesha kabisa. Picha za asili zilibaki salama. Aliyebadili mfumo bila kuhamisha kwanza marekebisho yake ndiye aliyepata taabu.

Mwishoni mwa mwaka 2022, masharti ya leseni ya rangi za Pantone yalipobadilika, wabunifu walifungua faili zao za zamani katika Photoshop mpya na kukuta sehemu zenye rangi hizo zimegeuka nyeusi.

Kabla ya kubonyeza

Kwa mwenye studio ndogo, awe Mwanza au Muscat, swali la kwanza ni la kompyuta yenyewe. Toleo jipya hudai kumbukumbu kubwa zaidi, na mashine iliyonunuliwa mtumba yaweza kulishindwa. Vifaa vya nyongeza alivyovilipia huenda navyo visikubaliane nalo.

Wakati wa kuweka toleo jipya, kisanduku kinachoagiza matoleo ya zamani yaondolewe kiachwe wazi. Katalogi inakiliwe kwenye diski ya nje. Na kazi ya arusi iliyofika nusu imalizwe kwa programu iliyoianza.

Picha zilizokwisha kukabidhiwa kwa mteja zihifadhiwe pia katika muundo wa TIFF. Faili hizo hula nafasi kubwa, lakini hufunguliwa na karibu kila programu ya picha, iwe imelipiwa au la.