Msimbo wa punguzo dukani: kuponi mpya, hesabu ile ile

MIRABA midogo myeusi na myeupe iliyopangwa ndani ya mraba mmoja mkubwa imekuwa kitu cha kawaida katika maduka ya mijini. Hubandikwa mlangoni, hukaa juu ya kaunta, huchapishwa kwenye vipeperushi vinavyogawiwa katika vituo vya daladala na hata chini ya risiti. Mteja huielekezea kamera ya simu, ukurasa hufunguka, naye huahidiwa punguzo la asilimia 10 au 20 akifika kwa keshia. Wenye maduka wengi huichukulia kuwa njia ya kisasa na nafuu ya kujitangaza. Unafuu huo ni wa kweli kwa upande mmoja tu, kwani msimbo wenyewe hutengenezwa bure. Gharama iko kwingine, na aghalabu huonekana mwezi ukishaisha.

Msimbo huo, unaojulikana kwa herufi QR, haukubuniwa kwa ajili ya biashara ya rejareja. Ulibuniwa nchini Japani mwaka 1994 na wahandisi wa kampuni ya Denso wakiongozwa na Masahiro Hara, kwa lengo la kufuatilia vipuri vya magari viwandani. Msimbo wa mistari uliotangulia, ambao ulianza kusomwa madukani Juni 26, 1974, pakiti ya chingamu ilipopitishwa mbele ya mashine katika supamaketi moja ya mji wa Troy, jimbo la Ohio nchini Marekani, ulibeba tarakimu chache tu. Ule wa Hara unaweza kubeba hadi tarakimu 7,089. Aidha, husomeka hata ukichafuka au kuchanika kidogo, na katika kiwango cha juu cha kinga yake takriban asilimia 30 ya eneo lake inaweza kuharibika bila ujumbe kupotea. Hiyo ndiyo sababu maduka huweza kuweka nembo zao katikati ya msimbo nao ukaendelea kufanya kazi. Simu za Japani zilianza kuusoma mwaka 2002. Katika nchi nyingi nyingine uliendelea kusuasua hadi mwaka 2017, kamera ya iPhone ilipoanza kuutambua bila mtumiaji kulazimika kuweka programu ya ziada.

Kuponi nayo ni kongwe kuliko teknolojia hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19, wauzaji wa Coca-Cola mjini Atlanta waligawa tiketi zilizompa mwenye nazo glasi moja ya kinywaji hicho bila malipo. Kilichoongezwa na msimbo ni uwezo wa kujua kila tiketi ilitoka wapi, ilitumiwa lini na ilinunua nini. Duka lisilotumia uwezo huo limechapisha tu kuponi ya zamani kwa sura ngumu zaidi.

Jambo ambalo mwenye duka hupaswa kulielewa mapema ni kwamba punguzo halimo ndani ya msimbo. Ndani yake mna anwani ya ukurasa wa intaneti au namba tu. Uamuzi wa kumpunguzia mteja bei hufanywa na kompyuta ya duka au na keshia. Msimbo ambao anwani yake imechapishwa moja kwa moja haubadiliki tena. Ofa ikibadilika, karatasi zote ni za kutupwa. Upo mwingine ambao humpitisha mteja kwenye anwani ya kati, na hapo mwenye duka anaweza kubadilisha mahali unapoelekea na kuhesabu waliopita. Huu ni bora, ila huduma nyingi za aina hiyo hukodishwa kwa ada. Ada isipolipwa, misimbo iliyokwisha kusambazwa mitaani inaweza kufa kwa siku moja.

Tofauti nyingine, iliyo kubwa zaidi kwa usalama wa fedha, ni kati ya msimbo mmoja unaotumiwa na watu wote na misimbo ambayo kila mmoja ni wa pekee. Wakazi wa Afrika Mashariki wanaifahamu tofauti hii kuliko wanavyodhani, maana kwa miaka mingi wamenunua muda wa maongezi kwa vocha za kukwangua. Kila vocha ilikuwa na namba yake, namba ilifichwa mpaka inunuliwe, na ikishaingizwa mara moja haikufaa tena. Msimbo wa punguzo usio na sifa hizo hupigwa picha, hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na kufikia jioni umefika kwa watu ambao duka halikuwakusudia. Punguzo lililoandaliwa kwa ajili ya wateja 50 wa mwanzo hudaiwa na 500.

Mfano mchungu zaidi wa namba iliyowafikia wengi kuliko ilivyopangwa ulitokea nchini Ufilipino mwaka 1992. Kampuni ya Pepsi ilichapisha namba chini ya vizibo vya chupa na kuahidi peso milioni moja kwa washindi. Mwezi Mei mwaka huo ilitangazwa namba 349, kumbe ilikuwa imechapishwa kwenye vizibo vipatavyo 800,000. Kampuni ikajitetea kwamba vizibo hivyo havikuwa na alama sahihi ya usalama, ikatoa peso 500 kwa kila mwenye kizibo kama ishara ya nia njema. Wengi walikataa. Magari ya kampuni yalichomwa moto, watu walipoteza maisha, na kesi zikaendelea mahakamani kwa miaka. Duka la mtaani halitafikia maafa ya kiasi hicho, lakini mteja aliyepanda daladala mbili kufuata ofa, kisha akaambiwa na keshia kuwa msimbo wake umekataa, hataki kusikia habari za mitambo.

Baada ya hapo kuna hesabu, na hapa ndipo maduka mengi huumia.

Tuchukue duka la viatu linalonunua jozi kwa Sh24,000 na kuiuza Sh30,000. Faida kabla ya pango, umeme na mishahara ni Sh6,000. Punguzo la asilimia 10 hushusha bei hadi Sh27,000 na faida hadi Sh3,000. Bei imepungua kwa sehemu moja ya kumi, faida imepungua kwa nusu. Duka hilo sasa linalazimika kuuza jozi mbili ili kupata lilichokuwa likipata kwa moja. Punguzo likiwa asilimia 15, faida ni Sh1,500 na jozi zinazohitajika ni nne. Likiwa asilimia 20, duka linauza kwa bei lililonunulia, na msongamano wote wa watu dukani unageuka kuwa kazi ya bure.

Tatizo halijaishia hapo. Tuseme wateja 60 wametumia msimbo wa asilimia 10, na mwenye duka anafurahia idadi hiyo. Ikiwa 40 kati yao ni wateja wa siku zote ambao wangenunua kwa bei kamili, duka limewazawadia Sh120,000 bila sababu. Wageni 20 waliobaki wameleta faida ya Sh60,000. Promosheni iliyosifiwa imetia hasara ya Sh60,000, na hapo gharama za kuchapisha vipeperushi hazijatajwa. Hasara hiyo haionekani kwenye droo ya fedha kwa kuwa mauzo yamepanda. Huonekana pale mtaji wa kuagiza mzigo mwingine unapopelea.

Kwa hiyo swali linalostahili kuulizwa si wangapi wameskani, bali ni nani angekuja hata bila msimbo. Jibu hutegemea zaidi mahali ulipobandikwa kuliko uzuri wake. Msimbo uliowekwa kwenye kaunta husomwa na mtu ambaye ameshachagua bidhaa na ameshika fedha mkononi. Kumpunguzia huyo ni kutoa sadaka. Uliochapishwa kwenye risiti, ukiwa wa kutumika kuanzia wiki ijayo, humrudisha mteja ambaye huenda asingerudi upesi. Uliowekwa katika saluni, gereji au mgahawa wa jirani hufikia watu wasiolijua duka. Ofa inaweza kuwa moja, lakini kila mahali pakipewa msimbo wake, mwisho wa mwezi mwenye duka anajua kama wateja walitoka saluni au kwenye vipeperushi vya kituoni, na anajua pa kuacha kumwaga fedha.

Biashara za Uingereza zilijifunza thamani ya taarifa za namna hii kabla ya simu janja. Tesco ilianzisha kadi yake ya Clubcard nchini kote mwaka 1995, na kupitia kadi hiyo ikawa inawapelekea wateja vocha zenye msimbo wa mistari zilizotofautiana kulingana na manunuzi ya kila kaya. Familia yenye mtoto mchanga haikuletewa kuponi sawa na za mzee anayeishi peke yake. Punguzo lilikuwa bei ambayo duka lililipa ili kumfahamu mteja wake.

Katika masoko kama Kariakoo kuna utata mwingine ambao vitabu vya masoko vya ng’ambo havina haja ya kuuzungumzia, nao ni maelewano ya bei. Mteja hupatana kwanza, akashushiwa kutoka Sh30,000 hadi Sh27,000, ndipo akatoa simu na kuonyesha msimbo wa asilimia 10. Muuzaji akikataa, ameonekana tapeli. Akikubali, amebakiza faida ya Sh300. Misimbo hii hufaa palipo na bei moja iliyobandikwa. Pasipo na bei hiyo, ni heri msimbo utoe zawadi ndogo, kama soksi au dawa ya viatu, ambayo gharama yake inajulikana mapema na haiingiliani na mapatano.

Yapo pia mambo ya kiufundi yasiyohitaji maelezo marefu. Kwa kawaida upana wa msimbo huwa sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji: bango la kusomwa kutoka mita tatu huhitaji msimbo wa sentimita 30 hivi. Rangi nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama, na pembezoni pawe na nafasi tupu. Anwani iwe fupi, kwa sababu kadiri inavyorefuka ndivyo miraba inavyozidi kuwa midogo na kamera za simu za bei nafuu zinavyoshindwa. Ukurasa unaofunguka uwe mwepesi, kwa kuwa mteja ndiye anayelipia bando. Kampuni ya Coinbase ilipoonyesha msimbo kwa sekunde 60 katika tangazo la fainali ya mpira wa Kimarekani Februari 2022, huku ikiahidi dola 15 kwa wateja wapya, watu walifurika hadi huduma yake ikazimika kwa muda.

Kwa upande wa kodi, punguzo halina budi kuingizwa ndani ya mashine ya EFD ili risiti ionyeshe kiasi ambacho mteja amelipa. Muuzaji anayechapa bei kamili kisha akarudisha tofauti mkononi anajiandikia kodi ya fedha ambazo hakuzipata. Vilevile kaunta nyingi sasa zina msimbo wa kulipia kwa simu, na risiti ina wa kwake wa uhakiki. Wa punguzo ukiongezwa bila maandishi yanayoueleza, mteja hubaki akibahatisha.

Mkanganyiko huo huo ndio mlango wa matapeli. Mwanzoni mwa 2022, katika mji wa Austin, Texas, stika za misimbo bandia zilikutwa kwenye mashine za kulipia maegesho, zikiwapeleka madereva kwenye ukurasa wa wezi. Kubandika stika juu ya bango la duka ni kazi ya sekunde chache. Duka makini hukagua mabango yake kila asubuhi, na huandika chini ya msimbo anwani ambayo mteja anapaswa kuiona kwenye simu. Ukurasa wa punguzo hauna sababu ya kuomba namba ya siri ya M-Pesa wala ya benki.

Hata kuomba jina na namba ya simu si jambo la kufanya kiholela. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, na sheria ya Tanzania ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Anayekusanya taarifa za wateja anawajibika kueleza anazikusanya kwa ajili gani na kuzitunza. Duka likigeuza punguzo kuwa bahati nasibu ya kushindania pikipiki au fedha, kwa Tanzania linaingia katika mamlaka ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na linahitaji kibali.

Wanasalia wateja wenye simu za kitochi, ambao kamera zao haziwezi kusoma chochote. Baadhi ni wanunuzi wakubwa, hasa wa jumla na wanaotoka mikoani. Kwao, neno fupi lililochapishwa chini ya msimbo, ambalo mteja hulitaja na keshia akaliandika kwenye kompyuta, hutoa punguzo lile lile na kuhesabiwa katika orodha ile ile.