Trela ya Kubebea Pikipiki

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Lakini mimi nimejionea kwamba ajali nyingine huwa tumeialika wenyewe.

Mjomba wangu ni fundi wa jua kali mjini Nakuru. Ana trela ndogo ya magurudumu mawili ambayo huvutwa na pikapu. Ilitengenezewa kubeba nyasi za ng'ombe na magunia ya viazi. Bodaboda zilipojaa kila pembe, basi akaanza kuitumia kuleta pikipiki mbovu kutoka Molo. Likizo moja tulipakia mbili. Zilisimamishwa kwa stendi, zikafungwa kwa kamba, na binamu yangu akapanda humo nyuma ili azishikilie.

Kwenye mteremko wa Sachangwan pikapu ilifunga breki ghafla. Kamba ikalegea, pikipiki ikamwangukia binamu yangu. Alivunjika mkono.

Jioni hiyo mjomba hakugusa chakula. Asubuhi akaniambia, "Mpwa wangu, washa mashine ya kuchomelea. Trela hii haitoki hapa mpaka ijue kushika pikipiki yenyewe."

Kumbe kosa letu lilikuwa nini? Pikipiki ina springi. Ukiifunga ikiwa imesimama tu, gurudumu likiingia shimoni springi hubonyea na kamba hulegea. Tena pikipiki ya bodaboda huwa na uzito unaozidi kilo 100. Mikono ya binadamu itaizuia vipi?

Kwanza, tulichomelea vyuma viwili mbele ya sakafu, vikafanya kibano ambamo gurudumu la mbele huingia na kutulia. Nyuma yake tuliweka vyuma vya kona, viwili viwili, viwe njia nyembamba ya kila pikipiki.

Pili, tulichomelea pete nene nne kwa kila pikipiki. Hizi hazikuwekwa kwenye mabati ya ubavuni, kwani bati hupasuka. Ziliwekwa kwenye chesisi yenyewe.

Tatu, kamba tulizitupa. Mjomba alinunua mikanda ya kukazia, ile ambayo madereva wa malori hufungia mizigo. Miwili huvuta mbele, mmoja kila upande, ikielekea chini na nje, mpaka springi za mbele zibonyee kiasi, si mpaka mwisho. Miwili mingine huzuia nyuma isirukeruke. Stendi hukunjwa, maana ikiachwa chini pikipiki huegemea upande mmoja na mikanda hulegea.

Nne, tulipima mahali pa uzito. Mzigo ukikaa nyuma sana, trela hupiga mkia barabarani kama samaki, hata ikaweza kuliangusha gari. Uzito uelemee mbele ya ekseli kidogo, ili sehemu inayoshikana na gari ibebe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo. Hapo pia tulifunga minyororo miwili iliyopishana, ili ndoano ikichomoka trela isiende zake. Taa za nyuma nazo zikarekebishwa.

Mwisho, tulitengeneza ubao mpana wa kupandishia wenye kulabu, usiteleze. Zamani tulizinyanyua pikipiki kwa nguvu, huku migongo ikilia!

Siku hizi mjomba akishatoka kilomita chache husimama, akaizunguka trela na kukaza mikanda upya. Mimi hucheka, yeye hachekei jambo hilo.

Binamu yangu alipona, ingawa mkono wake haunyooki sawasawa. Bado anapenda safari za Molo, lakini sasa huketi mbele, mkanda kiunoni. Nyuma kumebaki pikipiki peke yake.

Nawe msomaji, ukiambiwa, "Panda nyuma ushikilie mzigo," kataa kwa heshima. Kamba hununuliwa tena, mkono je?