Miseli za Polima: Soko la Chombo cha Kubebea Dawa ya Saratani

Paklitakseli hutumika sana dhidi ya saratani ya matiti iliyosambaa mwilini, lakini haiyeyuki katika maji. Bristol-Myers Squibb, iliyoidhinishwa kuiuza Marekani mwaka 1992 kwa jina la Taxol, iliichanganya na spiriti na kiyeyushi kitokanacho na mafuta ya nyonyo. Kiyeyushi hicho huweza kuamsha mzio mkali, hivyo mgonjwa hupewa kwanza steroidi na dawa za kuzuia mzio. Dripu nayo haipitishwi kwenye mirija ya kawaida ya PVC, maana kiyeyushi huchopoa kemikali za plastiki. Adha hiyo ndiyo iliyozaa biashara ya miseli za polima.

Molekuli ya polima hizi ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Maji ya chumvi yakitiwa katika kichupa cha unga, molekuli hujipanga zenyewe kuwa vitufe viitwavyo miseli: upande unaokimbia maji hujikunja ndani pamoja na dawa, mwingine hubaki nje. Kitufe kimoja kwa kawaida huwa na upana wa nanomita 20 hadi 100. Hoja iliyowavuta wawekezaji ni kwamba vitufe hivyo vitapenya kwenye mishipa ya uvimbe, ambayo huvuja, kama Matsumura na Maeda wa Japani walivyoeleza mwaka 1986. Kwa binadamu uvujaji huo hutofautiana mno, hata baina ya vivimbe vya mgonjwa mmoja.

Samyang ya Korea Kusini, kampuni ya tangu 1924 inayojulikana kwa sukari na pia kwa nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka mwilini, ndiyo iliyofika sokoni mapema na Genexol-PM. Kwa kuwa kiyeyushi kimeondolewa, dozi iliweza kupandishwa: katika jaribio la awamu ya tatu, wagonjwa walipewa miligramu 260 kwa kila mita mraba ya mwili badala ya 175. Uvimbe ulisinyaa kwa takriban asilimia 39 ya wagonjwa, dhidi ya 24 kwa dawa ya kawaida. Hayo ni mafanikio ya kweli, ingawa hayakuthibitisha kwamba wagonjwa waliishi muda mrefu zaidi.

Nippon Kayaku ya Japani haikubahatika. Miseli yake, NK105, ilizuia ugonjwa kuendelea kwa miezi 8.4, na paklitakseli ya kawaida 8.5, tofauti ndogo ambayo hata hivyo haikukidhi kigezo cha kitakwimu kilichowekwa. Ganzi na maumivu ya neva vilipungua sana, lakini nafuu hiyo, kubwa kwa mgonjwa asiyeweza kufunga vifungo vya shati, haikutosha kuipatia njia ya kufika sokoni. Nchini China, Shanghai Yizhong iliidhinishiwa miseli yake mwaka 2021 kwa saratani ya mapafu.

Ushindani ni mkali kutoka pande mbili. Matoleo ya bei nafuu ya paklitakseli yaliingia Marekani mwaka 2000. Abraxane, inayobebwa na protini ya albumini, ikafuata mwaka 2005, na Celgene ikanunua kampuni iliyoimiliki mwaka 2010 kwa takriban dola bilioni 2.9. Genexol-PM, iliyoandaliwa kwa soko la Marekani kwa jina la Cynviloq, haijaidhinishwa huko.

Hadi sasa, hospitali inayonunua miseli hizi inalipia hasa tiba isiyo na mafuta ya nyonyo na yenye nafasi ya dozi kubwa zaidi. Uhai mrefu zaidi bado haujathibitishwa.