Meli Zilizopanda Milima: Vyombo Vinane vya Rekodi Katika Maziwa

Mtu wa Kirua Vunjo huujua mlima kabla hajaijua meli. Maji yetu ni ya mifongo, yaani mifereji, inayoteremka kati ya migomba. Yakifika tambarare yanaingia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako wavuvi hutumia mitumbwi. Upande wa Rombo kuna Ziwa Chala, na chini ya milima ya Upare Kaskazini kuna Ziwa Jipe, yote mawili madogo mno kwa meli. Hata hivyo, historia ya meli za maziwa makubwa inatugusa sana sisi watu wa mlimani, kwa sababu nyingi zilifika ziwani zikiwa vipande vipande, zimebebwa na wapagazi. Kazi hiyo wagumu wetu, wabeba mizigo wa Kilimanjaro, wanaijua vizuri.

Kwa mwalimu anayewaza safari ya wanafunzi, au mzazi anayetaka watoto wake waone kitu kipya likizo hii, hivi hapa vyombo vinane vilivyoshika rekodi.

1. Kikongwe kuliko vyote Afrika: mtumbwi wa Dufuna

Mwaka 1987, mfugaji wa Kifulani aliyekuwa akichimba kisima katika kijiji cha Dufuna, jimbo la Yobe, kaskazini mashariki mwa Nigeria, aligonga ubao mgumu ardhini. Ulikuwa mtumbwi wa mita 8.4 wenye umri wa miaka 8,000 hivi. Hakuna chombo cha majini kilichopatikana Afrika chenye umri mkubwa zaidi. Duniani kote unazidiwa na mtumbwi wa Pesse, unaohifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Assen, Uholanzi.

2. Cha kwanza kulizunguka Ziwa Victoria katika kumbukumbu za maandishi: Lady Alice

Wenyeji walikuwa wakivuka ziwa hili kwa mitumbwi yao tangu zamani. Safari ya kwanza ya kulizunguka iliyoandikwa ni ya mashua hii ya Henry Morton Stanley, yenye urefu wa mita 12 na iliyotengenezwa kwa mapande yanayoungika. Novemba 1874 wapagazi waliibeba kutoka Bagamoyo, na Machi 1875 ikashushwa ziwani karibu na Mwanza ya leo. Safari ya kuzunguka ilichukua siku 57, ikathibitisha kwamba hili ni ziwa moja, si mkusanyiko wa maziwa madogo. Baadaye ilibebwa tena hadi Ziwa Tanganyika, kisha Mto Kongo, ikatelekezwa mwaka 1877 karibu na maporomoko ya Isangila. Vitabu vimejaa jina la Stanley. Mabega yaliyoibeba Lady Alice kuvuka nusu ya bara yanatajwa kwa jumla tu.

3. Meli ya kwanza ya mvuke Ziwa Victoria: William Mackinnon

Iliagizwa Scotland mwaka 1895, ikasafirishwa kwa vipande hadi Mombasa. Wakati huo reli ya Uganda ilikuwa bado haijafika mbali, hivyo wapagazi walibeba vipande hadi Kisumu. Vingine vilichelewa, vingine vikapotea njiani. Meli iliingia majini Juni 1900, miaka mitano baada ya kuagizwa. Reli yenyewe ilifika Kisumu Desemba 1901, ikaikuta meli tayari iko ziwani.

4. Mzigo mzito kuliko yote: boila la Chauncy Maples

Ukiniuliza ni rekodi gani ya kuwasimulia watoto kwanza, nitasema hii. Meli ya Chauncy Maples ilijengwa Glasgow kwa ajili ya wamisionari wa Kianglikana wa Ziwa Nyasa, ikapewa jina la askofu aliyezama katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Ilisafirishwa ikiwa vipande 3,481. Vidogo vilibebwa na wapagazi, lakini boila la tani 11 halikugawanyika. Liliwekwa juu ya magurudumu, na Wangoni wapatao 450 wakalivuta kwa kamba karibu kilomita 100, wakiyapita maporomoko ya Mto Shire.

Meli ilishushwa majini mwaka 1901. Imekuwa hospitali, shule na kanisa linaloelea, na kwa muda mrefu imetajwa kuwa miongoni mwa meli kongwe zaidi zilizobaki Afrika. Wangoni wale 450 hatuna orodha ya majina yao.

5. Zilizosafiri mbali zaidi nchi kavu: Mimi na Toutou

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walitawala Ziwa Tanganyika. Waingereza walituma boti mbili za injini, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, kutoka London hadi Cape Town, kisha kwa treni hadi Katanga. Reli ilipoishia, matrekta ya mvuke, maksai na mamia ya watu walizivuta kupanda milima ya Mitumba. Njiani yalijengwa madaraja zaidi ya 100 kwa ajili ya boti hizo tu. Desemba 26, 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani ya Kingani, na Februari 9, 1916 boti ya Mimi, pamoja na Kingani iliyokwisha kupewa jina la Fifi, zikaizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann.

6. Iliyozama na kurudi kazini: MV Liemba

Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen. Ilifunguliwa vipande, ikapakiwa katika makasha 5,000 hivi, ikafika Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa Reli ya Kati. Iliingia ziwani Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani walilazimika kuondoka, wakaamua kuizamisha wenyewe karibu na mlango wa Mto Malagarasi. Mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza, wakitumaini kwamba siku moja ingeibuliwa.

Grisi ile ilifanya kazi yake. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi safarini ikiitwa Liemba. Miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokwama katika kijiji cha Kagunga, ufukwe mwembamba wenye mlima mkali mgongoni, Liemba iliwapeleka Kigoma, watu kama 600 kwa safari. Meli iliyotumika vitani ikawa chombo cha kuokoa watu. Kwangu, hiyo ndiyo rekodi yake kubwa kuliko umri wake.

7. Iliyofika juu zaidi: Yavari

Ziwa Titicaca, kati ya Peru na Bolivia, liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Vunjo hilo linaeleweka haraka: ni juu ya kituo cha Horombo, chenye mita 3,720, kwenye njia ya Marangu. Yavari ilitoka Uingereza ikiwa vipande, ikapandishwa milima ya Andes migongoni mwa nyumbu, na kushushwa majini mwaka 1870. Miaka mingi baadaye ilikarabatiwa na kufanywa makumbusho.

8. Kubwa kuliko zote katika maziwa yetu: MV Mwanza

Ina urefu wa mita 92.6, nafasi ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Ilijengwa Mwanza kwenyewe, na mafundi wa Kitanzania wakifanya kazi pamoja na Wakorea, ikaingia majini Februari 2023. Safari hii hakuna mpagazi aliyeumia mgongo kwa kubeba boila.

Lakini ukubwa unadai uangalifu. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 800 wanakadiriwa kufariki. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Anayefika Mwanza asiache kwenda makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wao.

Ndugu msomaji, rekodi hizi zote zina dosari moja: zinahesabu tani na kilomita, zinasahau majina. Kigoma ina makumbusho ya Livingstone pale Ujiji. Inastahili pia makumbusho ya meli, na Liemba ikistaafu itunzwe humo, isiuzwe chuma chakavu. Ukutani paandikwe habari za wapagazi wa Bagamoyo, Wangoni wa Shire na watu wa Mitumba. Walimu wa Kirua Vunjo, msisubiri jengo hilo. Wapelekeni watoto Kigoma na Mwanza sasa, na wakirudi, wakae na wagumu wa vijijini mwao waandike habari zao kwa majina kamili.