Soko la nukta: mbio zisizo na tiketi zinavyopata wateja

WAKATI mashindano mengi makubwa ya michezo yanaishi kwa tiketi za mlangoni, haki za televisheni na mabango ya matangazo, yapo mashindano ya baiskeli huko Amerika ya Kaskazini ambayo hayana hata kimoja kati ya hivyo. Hata hivyo, kila ifikapo mwezi Juni hujipatia watazamaji katika nchi nyingi, na wengi wao hawataiona hata baiskeli moja kwa macho yao. Wanachotazama ni nukta juu ya ramani.

Mashindano hayo huitwa Tour Divide. Huanza Ijumaa ya pili ya Juni katika mji wa Banff, jimbo la Alberta nchini Kanada, yakafuata mgongo wa milima ya Rocky kuelekea kusini hadi Antelope Wells, kituo cha mpakani kati ya jimbo la New Mexico na nchi ya Mexico. Umbali wake ni kilomita zipatazo 4,400, pungufu kidogo ya kwenda Mwanza na kurudi Dar es Salaam mara mbili. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ni changarawe, vumbi na njia za msituni, na mahali pa juu kabisa, Indiana Pass katika jimbo la Colorado, panazidi mita 3,600 kutoka usawa wa bahari.

Ada ya kushiriki haipo. Zawadi ya fedha haipo. Hakuna gari la fundi linalomfuata mshindani wala kambi ya chakula iliyoandaliwa kwa ajili yake. Kila mtu hubeba vyake: godoro la kujaza upepo, koti la mvua, tyubu za akiba, vipande vya cheni na pedi za breki. Kikiharibika kitu atakitengeneza mwenyewe au atanunua katika duka lililo wazi kwa kila mteja. Akiishiwa chakula atafanya vivyo hivyo. Kupokea msaada uliopangwa kabla, hata kama ni chapati moja kutoka kwa ndugu yake, ni kuvunja kanuni.

Kwa mtazamo wa biashara, swali ni moja. Mchezo wa namna hii unauza nini, na nani anapokea fedha?

Bidhaa iliyotoka kwenye mtambo mbovu

Njia yenyewe ilichorwa na chama cha wasafiri wa baiskeli cha Marekani, Adventure Cycling Association, katika miaka ya 1990. Mwaka 1999 John Stamstad aliipita peke yake kwa siku 18 na saa 5, na kuanzia mwaka 2004 watu wakaanza kushindana kutoka mpaka wa Kanada. Tour Divide, inayoanzia Banff, ilifuata mwaka 2008.

Katika miaka ile ya mwanzo mashabiki walikuwa watu wa kusubiri. Mshindani akifika mji wenye kibanda cha simu, alipiga na kuacha maneno machache: nimefika hapa, mvua ilinipiga, goti linauma. Maneno hayo yalirekodiwa na kuwafikia wafuasi baadaye. Kati ya simu moja na nyingine siku nzima ingeweza kupita bila mtu kujua nani yuko mbele. Wasomaji waliokuwa wakitega redio kusikia gari gani limetoka salama kwenye matope ya Safari Rally wataielewa hali hiyo vizuri.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ambayo wenye mitaji wangefaa kuitafakari. Mapema mwaka 2007 kampuni ya Globalstar ya Marekani ilitangaza kwamba satelaiti zake zilikuwa na hitilafu. Vikuza sauti vya kuteremshia mawimbi kwenye simu za wateja vilikuwa vinachakaa haraka kuliko ilivyotarajiwa, na biashara ya simu za satelaiti ikawa mashakani. Lakini upande wa kupandisha mawimbi kutoka chini kwenda juu ulikuwa mzima. Mwishoni mwa mwaka huohuo ukaingia sokoni mtambo mdogo wa mkononi uitwao SPOT, ambao hauna haja ya kupokea chochote kupitia njia ile mbovu. Wenyewe hutuma tu: mahali ulipo, ujumbe kwamba uko salama, au ombi la kuokolewa. Kampuni ilipata bidhaa mpya ndani ya mali iliyokuwa ikihesabiwa kama hasara.

Tour Divide ilianza majira ya kiangazi yaliyofuata, na kifaa hicho kikawa tiketi ya mashabiki. Hupokea mahali kilipo kutoka satelaiti za GPS, kisha kwa kawaida kila dakika 10 hutuma namba hizo kwa satelaiti za Globalstar, nazo huzirudisha kwenye vituo vya ardhini. Kutoka hapo huingia kwenye intaneti na kuchorwa kama nukta yenye herufi za kwanza za jina la mshindani. Huduma ya Trackleaders, iliyoanzishwa na watu wa mchezo wenyewe, ndiyo iliyozoeleka zaidi katika kuchora ramani hizo.

Nani analipa

Hapa ndipo hesabu inapogeuka. Katika mpira, mtazamaji hulipa na mchezaji hupokea. Katika soko hili mchezaji ndiye anayelipa ili atazamwe. Kifaa cha SPOT huuzwa kwa dola zipatazo 150 za Marekani, na juu yake kuna malipo ya huduma ya satelaiti. Betri ni zake, na zikiisha katikati ya jangwa la Wyoming ni shauri lake. Shabiki aliye Nairobi au Berlin hulipia intaneti yake tu.

Wanaopokea ni wengine: kampuni za satelaiti, mafundi wa mifuko inayofungwa ndani ya fremu na nyuma ya tandiko, watengenezaji wa matairi na taa. Mifuko ya aina hiyo ilikuwa kazi ya mafundi wachache wenye cherehani. Leo kampuni kubwa za baiskeli zinaiuza. Shabiki aliyeitazama nukta kwa wiki mbili ni mteja aliyekwisha kushawishika kabla hajaona tangazo lolote.

Aidha, wapo wenye maduka na mikahawa ya njiani. Vijiji vingi njia inamopita ni vidogo, na Pie Town ya New Mexico, inayojulikana kwa pai zake, ina wakazi wachache mno. Mwenye mkahawa katika mahali kama hapo anaweza kuitazama ramani, akaona nukta nne ziko umbali wa kilomita 40, na akajua kwamba jioni atapata wateja wanne wenye njaa ya watu kumi. Ni taarifa ya soko ambayo mfanyabiashara wa kijijini hakuwahi kuwa nayo, na haimgharimu kitu.

Jinsi ya kusoma nukta

Mgeni akifungua ramani kwa mara ya kwanza huona alama zimetapakaa, akaifunga. Mzoefu huona hadithi. Nukta iliyosimama saa tatu mahali penye mji ni mtu aliyelala kitandani na kufua soksi. Iliyosimama saa tatu juu ya mlima usiku, hiyo inahitaji kufikiriwa. Inayokwenda kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare ni mtu anayesukuma baiskeli kwa miguu, na kama kulikuwa na mvua katika New Mexico sababu ni udongo wa mfinyanzi, ambao hujaza matairi mpaka hayazunguki.

Pamoja na hayo, nukta hudanganya. Kifaa hutuma bila kupata jibu, hivyo hakijui kama satelaiti imesikia. Penye miti mizito au katika korongo, ishara hupotea. Vifaa vya SPOT vya miaka ya mwanzo vilijizima kufuatilia baada ya saa 24 mpaka mwenyewe abonyeze tena, na mtu aliyelala saa tatu tu hakumbuki kubonyeza. Mara ngapi mashabiki wamemlilia mtu aliyeacha mbio, kumbe nukta yake ikachomoza kilomita 120 mbele.

Kisa kinachotajwa sana kilitokea mwaka 2016 katika Trans Am, mbio dada za barabara ya lami zinazokata Marekani kutoka magharibi hadi mashariki. Steffen Streich alikuwa akiongoza, Lael Wilcox akimfukuza. Usiku wa mwisho Streich aliamka kutoka usingizi mfupi, akapanda baiskeli na kuondoka, lakini kwa uchovu akawa anarudi alikotoka. Nukta mbili zikawa zinakaribiana kutoka pande mbili. Walipokutana, Streich alipendekeza wamalize pamoja. Wilcox alikataa, akaongeza mwendo na kushinda mbio nzima, wanaume kwa wanawake. Mwaka mmoja kabla ya hapo mwanamke huyo alikuwa ameipita njia ya Tour Divide peke yake, nje ya mashindano, kwa siku 15 na saa 10, na kilichoshuhudia safari hiyo kilikuwa nukta yake.

Mkono wa shabiki

Tatizo la biashara hii ni kwamba mteja anaweza kuiharibu bidhaa. Anayejua mshindani yuko wapi anaweza kumfuata. Akisimama kando ya barabara na kupunga mkono, hakuna neno. Akimpa kila apitaye chupa ya maji bila kupanga na yeyote, wengi huvumilia. Lakini akimngoja mmoja tu akiwa na supu ya moto, au akimnong'oneza kwamba aliye nyuma yake amelala, basi ule ushindani wa kujitegemea umekwisha, na nukta haitaonyesha.

Mwaka 2019 jambo hili lilizua mjadala mkali. Wilcox alirudi Tour Divide akifuatwa na wapiga filamu, akiwemo mwenzi wake. Baadhi ya washindani na mashabiki walihoji kama kuona uso wa mtu wako njiani si msaada, hata kama hakukupa kitu. Wengine walijibu kwamba bila filamu mchezo hautajulikana, na wanawake hawatavutwa. Wilcox hakumaliza mwaka huo, lakini swali limebaki. Pande zote mbili zina haki. Anayetaka mchezo ukue anahitaji picha, na anayetaka ubaki safi anahitaji mshindani aachwe peke yake. Vifaa vipya vya satelaiti vinavyotuma na kupokea ujumbe vimeongeza uzito, kwani sasa neno la kutia moyo kutoka nyumbani linaweza kufika hata mlimani.

Upo pia upande wa usalama usiozungumzwa vya kutosha. Ramani iliyo wazi kwa shabiki iko wazi kwa kila mtu. Mwanamke anayelala peke yake msituni anaitangazia dunia mahali alipolala.

Na wakati mwingine nukta husimama kwa sababu ambayo hakuna aliyeitaka. Mwingereza Mike Hall ndiye aliyeweka rekodi ya Tour Divide mwaka 2016, siku 13, saa 22 na dakika 51. Tarehe 31 Machi 2017, akiwa katika nafasi ya pili kwenye Indian Pacific Wheel Race, mbio za barabarani za kuvuka Australia, aligongwa na gari karibu na Canberra kabla ya mapambazuko, akafa. Mbio zilisitishwa siku hiyohiyo. Watu waliokuwa wakijiandaa kumpokea Sydney walikusanyika na baiskeli zao kumkumbuka. Wengi hawakuwahi kumwona wala kusikia sauti yake; walijua tu mwendo wake, saa alizolala na milima aliyoipanda. Kifaa hutoa habari za mahali, hakitoi habari za hali. Kitufe cha kuomba uokozi kipo, lakini kinahitaji mkono wa kukibonyeza.

Mahitaji hayajapungua kwa hayo yote. Rekodi ya Hall ilidumu miaka kadhaa. Mwaka 2025 Mswisi Robin Gemperle alishuka hadi siku 11 na saa 19, mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 360 kila siku, usingizi ukiwa ndani ya hesabu hiyo.

Kwa wasomaji wanaotaka kufuatilia, asubuhi ya Banff wakati wa Juni ni jioni ya Afrika Mashariki, tofauti ikiwa saa tisa. Wanaoongoza hutarajiwa Antelope Wells kati ya siku ya 12 na ya 15. Wa mwisho hufika wiki kadhaa baadaye, wakati mashabiki wengi wamekwisha kufunga ramani, na nukta zao huendelea kutumwa kila dakika 10.